Mjadala: Kulungu wadogo wa Ujerumani wapigwe risasi zaidi, au ukataji wa miti ndio ubadilike?

Shina_Refu:
Wakuu, tangu ukame wa 2018 na mbawakawa wa magome, Ujerumani imepoteza zaidi ya hekta 400,000 za msitu, sehemu kubwa ikiwa ni Picea (mti wa majani ya sindano unaopandwa kwa mbao). Mpango ni kuotesha msitu mchanganyiko: mwaloni, Abies alba (mti mwingine wa majani ya sindano), maple. Bahati mbaya ndiyo miti anayoipenda zaidi kulungu mdogo (Capreolus capreolus, aina ndogo ya kulungu wa Ulaya, si mtoto wa kulungu). Sheria ya misitu ya Bavaria inasema wazi kwamba msitu unatangulia, mnyama anafuata. Wawindaji wengi wanapinga, wanasema anayeharibu ni mwenye msumeno. Msimamo wangu: wapigwe zaidi, ila pale panapoota tu, na kwa miaka michache. Mwenye hoja alete.

Mlinda_Pori:
Hoja ipo. Nani aliwaleta hao kulungu? Ni mnyama wa kilo 20 hadi 30, tumbo lake dogo haliwezi nyasi ngumu, kwa hiyo huchagua: vitumba, majani laini, maua. Ndani ya shamba la Picea la miaka 40 chini kuna sindano kavu tu, hana cha kula. Ukifyeka eneo lote, mwaka wa kwanza anaogopa uwazi na hukaa pembezoni. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu mwanga umeshaamsha magugu ya Epilobium, vichaka vya miiba vya Rubus, na miti michanga ya Sorbus na Betula. Chakula kipo, maficho yapo, majike wanazaa mapacha. Baada ya miaka kumi na tano hivi matawi yanafungana, kivuli kinaua mimea ya chini, na kulungu wanapungua au wanahama bila risasi hata moja. Mnafyeka hekta nyingi kwa mpigo, halafu mnashangaa wageni wamejaa.

Shina_Refu:
Ndugu, umenisaidia. Huo wingi unafika hasa wakati mche una sentimita 20 hadi 120, yaani urefu ambao mdomo wake unafika bila shida. Kitumba cha kileleni kikiliwa, mche haufi; unapoteza mwaka mmoja au zaidi huku tawi la pembeni likijaribu kushika nafasi. Picea iliyo jirani haikuguswa, inapita juu na kuufunika. Ndiyo maana madhara hayaonekani kwa mpita njia: anaona kijani kila mahali, kumbe kimerudi kilekile kilichokufa 2018. Wanaokagua waangalie ncha kwa karibu. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo ncha inabaki na nyuzinyuzi kama imechanwa. Ikiwa imekatwa safi na mshazari, huyo ni sungura, msimsingizie mwingine.

Hesabu_za_Mwitu:
Kabla hamjafika mbali: “zaidi” ni zaidi ya wangapi? Kule Kalø, Denmark, mwaka 1950 walikadiria kuna kulungu 70 hivi, wakaamua kuwamaliza wote. Waliopigwa ni 213. Na hao walikuwa watu wanaolijua eneo lao. Sasa anayekuja na mpango wa kupiga kadhaa kwa hekta 100 kwa sababu “tumewahesabu” anatupotezea muda.

Wafaransa wameacha kuhesabu vichwa. Wanafuata mwelekeo: wanyama wanaoonekana kwa kila kilomita ya njia ileile, uzito wa watoto wakati wa baridi, na kiwango cha kuliwa kwa miche. Uzito wa watoto ukishuka mwaka hadi mwaka, chakula hakiwatoshi waliopo. Huhitaji idadi yao.

Kwa mwenye msitu, kipimo rahisi ni uzio wa kulinganisha. Zungushia mita 10 kwa 10, kisha weka vigingi kwenye eneo la ukubwa uleule nje yake. Subiri miaka mitatu hadi mitano, hesabu miche kwa aina na kwa urefu. Linaloharibu jaribio ni moja: uzio kuwekwa penye mwanga mzuri na vigingi kivulini. Ukifyeka Rubus ndani, fyeka na nje; vinginevyo unapima panga lako.

Mlinda_Pori:
Hapo sina ubishi. Ila bado mnakwepa njia ya kukata. Fungua vishimo vidogo badala ya kufyeka, Abies ianze kuota chini ya miti mikubwa miaka kumi kabla ya kuivuna. Na matawi yaliyobaki msiyachome wala kuyasafisha yote. Mche ulioota katikati ya rundo la matawi mnyama haufikii kirahisi.

Shina_Refu:
Rundo, sawa. Vishimo, nusu. Chini ya kivuli chakula ni haba, na wakati wa baridi Abies changa ndiyo kijani pekee kinachoonekana, kwa hiyo inaliwa kuliko ingekuwa uwanjani kati ya Rubus. Ukataji mpole bila kupunguza wanyama unaweza kuwa mbaya zaidi kwa aina hiyo.

Waya_Mita_Moja_na_Nusu:
Wekeni uzio mmalize. Mita 1.5 inamtosha kulungu mdogo.

Hesabu_za_Mwitu:
Inatosha mpaka tawi lianguke juu yake. Kulungu akiingia na asijue pa kutokea, anakula humo humo majira yote. Uzio usiokaguliwa baada ya kila dhoruba ni afadhali usingekuwepo. Isitoshe, waliozuiwa wanahamia nje ya uzio na kula zaidi huko. Pale miche ya mwaloni ni michache, vishieni kila mche mrija wa mita 1.2.

Na kwa wanaotaka bunduki: kupiga madume peke yake hakupunguzi kitu. Eneo la dume aliyekufa linachukuliwa na kijana, naye anaanza kusugua pembe kwenye miche upya. Kwa sheria ya shirikisho, majike wazima ni kuanzia 1 Septemba hadi 31 Januari, na watoto hadi 28 Februari; mtoto kwanza, kisha mama yake. Na njia wazi za kumwona na kumpiga mnyama ziachwe siku ya kupanda miche. Mwaka wa sita miche ikishafika kifuani, hakuna anayeona mnyama.

Mlinda_Pori:
Basi jibuni hili. Mwenye hekta 5 hana haki ya kuwinda peke yake. Eneo la kuwinda la mtu binafsi linaanzia hekta 75, walio chini ya hapo wanaunganishwa na kukodisha haki ya kuwinda kwa pamoja. Mkataba, kwa sheria ya shirikisho, unapaswa kuwa wa miaka tisa au zaidi. Dirisha lenu la kuokoa miche ni miaka saba au minane. Mwindaji aliyekodisha akigoma kupiga majike, huyo mwenye hekta 5 afanye nini?

Shina_Refu:
Kiwango cha juu cha kuliwa kwa miche kiandikwe ndani ya mkataba, kipimwe kwa uzio wa kulinganisha, na mwenye ardhi awe na haki ya kuuvunja kikipitwa. Mikataba isiyo na kifungu hicho ndiyo mingi, na huko ndiko msitu mchanganyiko unakofia.