Mgonjwa wa kiharusi: apigwe picha ya ubongo kwanza au aanze mazoezi tu?

Mdadisi: Wakuu, mtu kapooza mkono. Wapo wanaotaka kabla ya kupangiwa mazoezi aingie kwenye fMRI (mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa kazini) au avalishwe kofia ya EEG (inayopima umeme wa ubongo), ionekane kama njia za mwendo na hisia bado zinapitisha ujumbe. Mnasemaje?

Kumbakumba: Mbwembwe. fMRI haioni wazo, inaona damu yenye oksijeni, tena kwa kuchelewa sekunde kama tano. Mgonjwa akisogeza mkono kichwa kikatikisika, picha kwisha. Mtafutieni mkandaji mzuri.

TibaViungo: Mkandaji?! Miaka minne nimesomea fiziotherapia, leo naitwa mkandaji!

Kumbakumba: Punguza jazba, mkuu. Kwani hukandi?

TibaViungo: Inapobidi. Daktari naye hushika kalamu, mbona humwiti karani?

Pembeni: 😂😂 Mimi nasubiri mtu amtaje yule samoni. Marekani, 2009 kama sikosei, walimwingiza kwenye fMRI wakamwonyesha picha za watu, ubongo "ukawaka".

MamaPili: Huyo samaki kila mjadala lazima afufuliwe! Ilikuwa kejeli ya kihesabu: ukipima maelfu ya vipande vya ubongo bila kusahihisha takwimu, vichache vitawaka kwa bahati tu. Hawakusema mashine itupwe.

Pembeni: Samaki mwenyewe alikuwa mzima?

MamaPili: Mzima, ila amekufa.

Pembeni: Kiswahili hiki jamani 😂

Mwanawe: Nyie chekeni. Mama yangu kidole kimekuja kucheza mwezi wa tatu. Siku zote hizo kuna mtu humu ndani akisema anajidekeza. Mimi picha naitaka ya kumziba mdomo huyo.

TibaViungo: Pole sana, ndugu. Hata bila kusogea kuna la kupima. Neva ikishtuliwa kwa umeme kidogo kwenye kifundo cha mkono, EEG huonyesha kama hisia imefika kwenye ubongo, kwa kawaida ndani ya milisekunde 20 hivi. Na mkono dhaifu ukianza kucheza, mara nyingi fMRI huonyesha pande zote mbili za ubongo zikihangaika. Kadiri mtu anavyopona, kazi hurudi zaidi upande ulioumia.

Kumbakumba: Na baada ya kuyaona yote hayo, mazoezi yanabadilika nini?

TibaViungo: Kwanza futa lile neno.

Mdadisi: Jamani, swali langu…

Kumbakumba: Sifuti.