Ajali isiyo na majeruhi haina wakili?

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira, naomba mnivumilie.

Miezi minne iliyopita, alfajiri, nilikuwa natoka soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nikielekea Igoma na gari dogo lililojaa dagaa, na nilipofika Nyakato lori likanigonga ubavuni. Dereva wake alikiri kosa mbele ya askari wa usalama barabarani, akalipa faini, akaondoka zake. Mimi nilibaki nikizoa dagaa kwenye lami nikisaidiwa na wapita njia, ambao baadhi yao, niseme ukweli, walikuwa wakizoa mboga yao ya jioni.

Fundi alikadiria matengenezo kuwa shilingi 3,400,000. Kampuni ya bima ya lori ilimtuma mkadiriaji wake, akalizunguka gari mara moja akipiga picha kwa simu, kisha nikaletewa fomu ya kukubali shilingi 1,100,000. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa kwa miwani, imeandikwa kwamba nikishasaini sitamdai tena mwenye lori wala kampuni hiyo.

Ndipo nikaanza kutafuta wakili. Katika ofisi ya kwanza karani aliniuliza swali moja tu: "Kuna aliyevunjika?" Nilipojibu kwamba hakuna, alifunga daftari. Ofisi ya pili ilitaka shilingi 900,000 za kufungua jalada kabla hata ya kuiangalia ripoti ya polisi. Wakili wa tatu alitaka asilimia 40 ya nitakacholipwa, halafu akanishauri nisaini fomu ileile! Yaani nimlipe mtu kwa kunionyesha mahali pa kuweka sahihi.

Nilikwenda pia kuomba msaada wa kisheria, nikaelezwa kwamba sheria yake ya mwaka 2017 inawalenga wasio na uwezo, na mimi ninamiliki gari. Gari lenyewe liko gereji, limewekwa juu ya mawe, na maegesho nalipia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mlango huu mwembamba umo ndani ya sheria yenyewe. Bima inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni ya kifo na majeraha ya mwili. Bati lililopondeka linategemea mkataba ambao mwenye lori alikata na kampuni yake. Kwa hiyo anayegongewa gari huachwa amshitaki dereva na tajiri yake mahakamani, ndani ya miaka 3, na wote wanaohusika wanajua kwamba muuza dagaa atachoka kabla ya hapo.

Sijasaini. Nataka kwanza wapelekewe barua ya madai iliyoandikwa kitaalamu. Kama humu kuna wakili aliyeko Mwanza, anayekubali kulipwa kwa barua hiyo moja na kuisoma ripoti ya polisi yote, naomba aje PM na ataje bei yake waziwazi.