Naomba ushauri: omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) imezwe saa ngapi Ramadhani?

Asalaam aleikum. Nawauliza wafamasia na madaktari wa Unguja na Pemba.

Tumbo hutoa kama lita 2 za maji ya kusagia chakula kwa siku. Asidi yake hutolewa na pampu ndogo ndogo zilizomo ndani ya seli za ukuta wa tumbo. Zinazoziamsha ni kemikali ya asetilikolini ya mishipa ya fahamu (harufu tu ya futari yatosha kuianzisha), homoni ya gastrini na kemikali ya histamini. Asidi ikizidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikashuka chini ya 3 hivi, homoni nyingine, somatostatini, huibana gastrini.

Omeprazoli hufunga pampu iliyokwisha kuamka, iliyolala haiigusi. Na katika damu hupungua nusu kwa takriban saa 1. Ndiyo maana humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, na hapo ndipo penye ugumu kwa aliyefunga.

Mgonjwa wa miligramu 20 mara 1 kwa siku: afungue kwa maji, ameze, aswali Magharibi, ndipo akae kwenye muhogo na samaki wa nazi? Au aamke mapema ameze kabla ya daku, wakati daku lenyewe mara nyingi ni jepesi na haliamshi pampu nyingi? Tende 3 za kufungulia, je, zihesabiwe mlo?

Pia, wapo wanaopasua kapsuli na kutafuna chembe zake, asidi ikaiharibu dawa kabla haijafika utumbo mwembamba. Asiyeweza kumeza mnamwelekeza vipi?