Mrejesho: Matembezi ya Marangu na vituo vya mbege

Wakuu, nilikuja hapa kuomba ushauri: marafiki tulitaka kutembea kwa miguu siku nzima Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tukipumzika kwenye vilabu vya mbege (pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi), bila mtu kuzimika njiani. Tumerudi salama. Asanteni sana.

Ushauri uliotusaidia zaidi ni wa yule aliyesema mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) kwanza, maporomoko kabla ya mbege. Tulikunywa mtori Marangu Mtoni asubuhi, tukaenda maporomoko ya Kinukamori tukiwa na akili timamu, maana njia ya kushukia ikilowa inateleza vibaya. Kijana mwenyeji tuliyemchukua, kama mlivyosisitiza, alitupitisha ndani ya vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga), kahawa chini ya migomba, kando ya mifongo (mifereji ya asili ya maji). Peke yetu tungeishia barabara ya lami.

Maporomoko ya Ndoro hatukufika. Mvua ilishuka mchana, goti la mwenzetu likagoma, tukakatisha. Na kilabu cha kwanza mbege ilikuwa haijaiva. Mama muuzaji alikataa kabisa kutuuzia, nikamheshimu sana. Cha pili tuliipata, ulezi umekolea, uchungu wa msesewe (gome la mti linalotiwa kwenye mbege) unasikika kwa mbali. Tulizungusha kata moja (kibuyu cha kunywea), wenye hamu zaidi wakaongeza baada ya machalari (ndizi zilizopikwa na nyama).

Mtakaofuata: msiende masika, bebeni noti ndogo ndogo, na dereva wa kurudi Moshi asiguse kata. Wetu alikunywa soda tu, mbege yake tukambebea kwenye chupa. Kifuniko mkilegeze, inaendelea kuchacha njiani.