Tupeane uzoefu: shoka, kabari na panga za kupasulia kuni

Wakuu, mada ni vifaa vya mkono vya kupasulia kuni: shoka lipi, uzito gani, mpini wa mti gani, na lini uweke shoka pembeni ushike kabari. Wekeni vipimo tafadhali. Ukimwambia mtu "nunua shoka zuri" bila kutaja kilo wala urefu, hujamsaidia.

mpini_wa_mpera
Tenganisha kwanza shoka la kukatia na la kupasulia, maana madukani mengi linalouzwa ni la kukatia tu. Hilo lina bapa jembamba la kukata nyuzi za mti. Ukilipiga kwenye kichwa cha gogo linazama na kunasa, kwa sababu mashavu yake hayana unene wa kusukuma pande mbili ziachane. La kupasulia linanenepa haraka nyuma ya makali, na makali yenyewe hayahitaji kuwa ya wembe.

Kichwa cha kilo 2 hadi 2.5 kinamtosha mtu mzima. Wengi hukimbilia kilo 4 wakidhani uzito ndio kazi. Uzito ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne. Chukua shoka unaloweza kulishusha kwa kasi hadi gogo la mwisho. Mpini uwe sentimita 75 hadi 90. Mfupi ni hatari: ukikosa gogo, shoka linarudi kwenye muundi badala ya kuishia ardhini.

fundi_springi
Mashoka ya wahunzi yaliyofuliwa kwa springi za malori ni chuma kizuri, ila yapime kabla ya kulipa. Pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo bila kushika, chuma kimefanywa kigumu mno na kitamegeka kwenye fundo la kwanza. Ikila kirahisi mno, makali yatajikunja. Inatakiwa ishike kwa shida kidogo na kuacha unga mwembamba.

Kisha shika shoka mbele ya jicho utazame kutoka kisogoni: makali na mpini viwe kwenye mstari mmoja. Tundu la mpini likiwa limepinda, hakuna mpini utakaolinyoosha.

Kunoa ni kwa tupa na jiwe. Mashine ya kusaga ikifanya makali yawe na rangi ya buluu, ugumu umeshatoka hapo, na itabidi usage hadi upite sehemu yote iliyoungua.

kwale_kuni
Naongeza kuhusu mpini. Mpera ni mzuri, mgumu na unanepa bila kukatika. Uchonge kutoka kwenye kipande kilichopasuliwa, si ubao wa msumeno, ili nyuzi zitoke juu hadi chini bila kukatwa njiani. Ukaushe kivulini taratibu. Ukichonga mbichi na kufunga siku hiyohiyo, utasinyaa na kichwa kitaruka. Juu ya mpini pasua ufa, ingiza kabari ya mti mkavu mgumu. Msumari haufai, unapasua mpini. Kuloweka shoka kwenye ndoo ni dawa ya saa chache: mti unavimba, ukikauka unalegea kuliko mwanzo.

mpini_wa_mpera
Mkuu @kwale_kuni sawa kabisa. Lile shoka la kienyeji ambalo mkia wa chuma unapita kwenye kirungu cha mpini halina shida hiyo, kila pigo linalikaza zaidi. Lakini ni jepesi. Ni la matawi, si la magogo manene.

mvinje_na_karatusi
Mnasahau mti wenyewe. Mgrevilea unapasuka bila ubishi. Mkaratusi na mvinje vipasue vikiwa vibichi, maana vikikauka vinakuwa vigumu sana. Kuni zilizopasuliwa pia zinakauka mapema kuliko gogo zima, kwa hiyo kungoja hakuna faida yoyote. Kata vipande vya sentimita 30 hadi 40. Kila unavyorefusha, ndivyo nyuzi nyingi zaidi zinavyoshikana.

Gogo pana usilipige katikati. Tafuta ufa uliopo, au anza pembeni ubandue vipande ukizunguka. Penye panda au mafundo, hapo ndipo pa kabari.

fundi_springi
Na kabari ziwe mbili, si moja. Ya kwanza ikinasa, ya pili unaipiga mbele yake kwenye ufa na ile inalegea. Nyundo ya kilo 3 au 4 inatosha. Kichwa cha kabari kikishaanza kuchanua, saga kingo zile mara moja: vipande vyake hurukia macho. Kwa sababu hiyohiyo usigonge kisogo cha shoka kwa nyundo ya chuma. Tena unapanua tundu na mpini haukai tena.

jiko_la_mafiga
Vipi kwa mtu anayehitaji kuni nyembamba tu za jikoni, hana nguvu za kurusha shoka?

kwale_kuni
Dada, panga zito na rungu la mti. Simamisha kipande kwenye kigogo kinachofika chini kidogo ya goti, weka panga juu ya kuni, kisha gonga mgongo wake kwa rungu. Mkono ulioshika kuni uondoe kabla ya kugonga. Panga likishang'ata, kuni inasimama yenyewe. Upana wa kipande usifikie urefu wa bapa la panga, kwani lazima ncha ibaki nje ili uendelee kuigonga likizama.