R: suppressMessages() hainyamazishi funksheni yangu, tatizo liko wapi?

daftari_wazi
Wakuu, nina funksheni ya R (lugha ya programu), `soma_zote()`, inayosoma mafaili 47 ya CSV, moja kwa kila kaunti, na kuyaunganisha kuwa jedwali moja. Kila faili linatoa mistari 3 kwa `cat()`: jina lake, idadi ya rekodi, na rekodi zilizotupwa. Jumla mistari 141. Hata ikiitwa ndani ya `suppressMessages()` mistari inabaki vilevile, na kwenye R Markdown (ripoti zinazochanganya maandishi na msimbo wa R) `message = FALSE` nayo haisaidii. Nikiongeza `verbose = FALSE` inatosha?

fundi_vifurushi
Tatizo ni `cat()` yenyewe. Inaandika moja kwa moja stdout (njia ya matokeo ya kawaida ya programu), na kwa R hayo ni matokeo kama matokeo mengine. `suppressMessages()` hukamata kinachotolewa na `message()` tu, ambacho huenda stderr (njia ya pembeni ya ujumbe na makosa). Ukiendesha `Rscript soma.R > jumla.csv` utaona ubaya zaidi: maneno ya `cat()` yanaingia ndani ya CSV.

Zibadilishe zote ziwe `message()`. Angalia mambo mawili: inaweka mstari mpya yenyewe, kwa hiyo ondoa `"\n"`, na haiachi nafasi kati ya vipande, hivyo `message("Rekodi", 512)` inatoka "Rekodi512". Kama una `txtProgressBar()` (mstari wa maendeleo), nayo huandika stdout; iweke ndani ya `if (interactive())`, ili ionekane tu mtu anapotumia R moja kwa moja.

kokotoa
Ukishahamia `message()`, weka ngazi badala ya TRUE/FALSE pekee:

```r
soma_zote <- function(njia,
    kelele = getOption("kaunti.kelele", 1)) {
  sema <- function(ngazi, ...)
    if (kelele >= ngazi) message(...)
```

0 ni kimya, 1 muhtasari mmoja mwishoni, 2 kila faili. Anayeandika TRUE au FALSE hapati shida, maana R inazihesabu 1 na 0. Anayetaka kimya siku zote aweke `options(kaunti.kelele = 0)` kwenye .Rprofile yake (faili ambalo R husoma kila inapoanza).

Ila rekodi zilizotupwa si kelele, tafadhali! Mtu akizikosa, jumla zake zina makosa na hajui. Hizo ni za `warning()`, na ngazi yoyote isizizime. Usiitoe ndani ya kitanzi (loop) kinachosoma mafaili: maonyo yakizidi 10, R inataja idadi tu mpaka mtu aite `warnings()`, na wengi hawaiti. Kusanya majina ya mafaili, kisha toa onyo moja kitanzi kikiisha, kwa `call. = FALSE`.

daftari_wazi
Asante sana. Na mtu akitaka kuzima muhtasari wangu tu, huku ujumbe wa vifurushi vingine ukiendelea kuonekana?

fundi_vifurushi
Upe klasi yake (lebo ya kuutambua), kwa kifurushi cha rlang:

```r
rlang::inform("Mafaili 47 yamesomwa",
  class = "kaunti_muhtasari")
```

Mtumiaji ataandika `suppressMessages(soma_zote(njia), classes = "kaunti_muhtasari")`. Inahitaji R 4.0.0 au zaidi. Hapo ndani ya `sema()` utaita `inform()` badala ya `message()`. Maneno uyaunganishe kwanza kwa `paste0()`, kwa kuwa `inform()` haiunganishi vipande.

Kisha weka jaribio la testthat (kifurushi cha kupima msimbo wa R): `expect_silent(soma_zote(njia, kelele = 0))`, kwa mafaili yasiyo na rekodi mbovu, kwa sababu onyo nalo huliangusha. `cat()` yoyote uliyoisahau itajitokeza hapo.