Mchezo wangu wa hadithi umekwama mlangoni, nibadili dadu?

Penseli Butu
Wakuu habari zenu. Nimejitungia mchezo wa hadithi wa penseli na karatasi, wachezaji wanne na msimulizi ndo mimi. Sheria kurasa 14 (najua, msinicheke), kila mhusika ana nguvu, akili, wepesi, uhai 20, mpaka njaa nimeiwekea namba. Dadu ni moja, ukipata 5 au 6 umeweza, chini ya hapo umeshindwa. Sasa juzi tumecheza mara ya kwanza, wakafika kwenye ghala ambamo mtoto wa mfalme amefichwa, mwizi wetu (mhusika wa mchezaji mmoja) akajaribu kufungua kufuli akashindwa, akarudia akashindwa, mara nne jamani, wenzake wakaanza kuchezea simu. Mwisho nikasema haya basi mlango umefunguka wenyewe. Aibu. Niweke 4 kwenda juu au?

Dadu Mbili
Mkuu, kwa sheria yako mtu anashindwa mara 4 katika 6, kwa hiyo kushindwa mara nne mfululizo kunatokea karibu mara 1 katika 5. Hiyo sio mikosi, umeijenga mwenyewe. Ila hata ukilegeza namba bado utakwama, maana akishindwa hakuna kinachotokea, kufuli lile lile mlango ule ule. Mi natumia dadu mbili najumlisha: 10 na zaidi umeweza safi, 7 hadi 9 umeweza ila kuna gharama, 6 kushuka mambo yanaharibika na msimulizi ndo anaamua vipi. Dadu mbili zinaangukia kwa namna 36, kati ya hizo 6 ni za kuweza safi, 15 za katikati, 15 za kuharibika. Mhusika aliye fundi wa kazi hiyo mpe +1 tu kwenye jumla ya dadu, inakuwa 10, 16 na 10. Umeona +1 moja ilivyogeuza mambo? Ukianza kugawa +4 dadu zitakuwa pambo. Na kurudia ni marufuku. Ukishindwa, ufunguo umekatikia ndani, au hata mlango ufunguke kabisa ila kuna mtu kasimama nyuma yake.

Huna dadu ya pili? Penseli ya pembe sita, iwekee alama 1 mpaka 6, iviringishe mezani. Kazi imeisha.

Karata 52
Mi dadu nilishaziacha, hazina kumbukumbu. Chukua karata, nyekundu umeweza nyeusi umeshindwa, ziko 26 kwa 26 na ukishavuta hairudi. Mtu akivuta nyeusi tano anajua kabisa neema inakuja, anaanza kujaribu mambo ya kichaa, hapo ndo utamu.

Halafu huo uhai 20 wa nini? Mambo ya kuhesabu uhai yalitoka kwenye michezo ya vita ya vinyago, na Dungeons & Dragons (ule mchezo wa hadithi maarufu) ya 1974 ilizaliwa humo humo ndo maana ikayabeba. Wewe hadithi yako ni ya kuokoa mtoto, futa.

Msikilizaji
Nyie mnapiga hesabu tu. Hivi huyo mwizi anamtakia nini mtoto wa mfalme? Kama mchezaji mwenyewe hajui, hata dadu kumi hazimsaidii. Kila mtu aandike mistari miwili kabla hamjaanza: anachokitaka, na anachowaficha wenzake. Nguvu na akili baadaye.

Penseli Butu
Nimerudi. Tumecheza tena jana, kurasa 14 zimebaki moja na nusu, dadu mbili, mlango ule ule. Mwizi kapata 8, nikamwambia kufuli limefunguka ila taa yako imedondoka imezimika, mko gizani. Kimyaa. Halafu yule mchezaji wetu ambaye huwa haongei kabisa akasema taratibu, "huyo mtoto anaijua sauti yangu, mimi ndo niliyemuiba." Wenzake walipiga kelele mpaka tukaambiwa tupunguze sauti. Kumbe ndo alichokuwa amekiandika kwenye mstari wa pili.

Karata nitajaribu wiki ijayo. Njaa sijaifuta lakini, ile naipenda.